Mkuu wa Hazina wa Jimbo Lisilozaliwa

Jimbo lenyewe halijazaliwa, lakini mkuu wake wa hazina alikwisha kujichagua, na kitambi amekitanguliza!

Kazini alikuwa karani wa ushuru wa soko, analipwa na serikali kuu. Tangu kamati ya kudai jimbo lijitawale imtume akadirie mapato na matumizi, nyumbani habebeki. Mkewe akimwomba amshike mtoto kidogo, anajibu kwamba mkono huo sasa ni wa mamilioni.

"Mama Kichuna, acha kufikicha nepi. Nikiapishwa tu, mashine ya kufulia inaingia mlango huu."

Mama Kichuna akaliacha beseni na povu lake, akangoja.

Bwana mkubwa akaenda kuhesabu mapato. Alichagua siku ya gulio, tena shule ziko karibu kufunguliwa, watu wamejaa kama siafu. Ushuru wa siku hiyo akauzidisha kwa siku zote za mwaka, za jua na za mvua. Kwenye matumizi mkono ukawa wa birika: barabara aliziandikia mchanga, hospitali akaiandikia pamba.

Siku ya kikao alisoma taratibu, kama daktari mwenye habari njema. Serikali kuu ya nini? Tutakula, tutasaza! Ukumbi ukapiga makofi, feni mbovu ikaonekana kama inazunguka.

Mwenyekiti, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, akampongeza. Akasema kwa neema hiyo, jimbo likianza, karani ndiye awe wa kwanza kulipwa mshahara kutokana na ushuru wa soko tu.

"Ushuru ukizidi, heri yako, mwanangu. Ukipungua, umepungukiwa wewe."

Karani akalikumbuka soko la siku za kawaida: wauza nyanya wawili, na mbuzi asiyelipa ushuru. Jasho likamtoka.

"Mama, naomba hiyo karatasi. Naona kuna sifuri zimejipenyeza."

Akazifuta, akafuta, akafuta. Alipomaliza, jimbo halikuweza kulipia hata umeme wa feni ile.

Mkewe alimpokea mlangoni, mtoto kiunoni. Beseni liko palepale, povu limekufa, harufu imefufuka.

"Baba Kichuna, mashine inaingia lini?"

Karani akakunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, akachuchumaa, mkono wa mamilioni ukazama majini. Kisha akauliza, kwa unyonge, kama mtoto ana nepi kavu hata moja.

"Labda hiyo aliyovaa," mkewe akasema, akimsogezea mtoto. "Ila usiikadirie, mume wangu. Ishike."