Mkasi wa Kuzindua Njia ya Baiskeli

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mamlaka ya Juu, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika. Mheshimiwa Mshauri wa Kwanza anayeshughulikia mambo ya pili. Waheshimiwa machifu wa mitaa, kila mmoja kwa kadiri ya ukubwa wa mtaa wake. Wazee wa makanisa yote, tukianza na yale yenye vinanda. Maajenti wangu wa Ofisi ya Muda ya Magurudumu Mawili. Wapartenere wetu wa kiufundi, popote walipo, kama wapo. Wamama wa soko. Wavuvi mlioombwa kusimama upande upepo unakoelekea. Nanyi wapanda baiskeli wa mji wetu wa Kalemie, mliofika kwa wingi wa kutisha: mimi, Papa Eugène, Direkta wa Muda, niliye wa muda kwa mwaka wa kumi na moja sasa bila kukatizwa, nawasalimu, na kwa kuwa protokoli yote imezingatiwa, naomba niizingatie mara ya pili.

(Makofi chini ya hema. Kwenye jua, kimya.)

Nilipopanda jukwaani na kuuona umati huu, machozi yalinilenga. Watu mia mbili na kumi na wanne, asubuhi ya kazi! Najua wapo wenye ndimi ndefu watakaosema kwamba mmekuja kwa sababu maajenti wangu waliwasimamisha barabarani tangu saa kumi na mbili, wakazichukua baiskeli zenu zote na kuzifunga kwa mnyororo mmoja nyuma ya jukwaa hili, na kwamba ufunguo wa mnyororo huo ninao mimi shingoni. Huo ndio ushirikishwaji. Katika semina ya siku mbili niliyofanya Kigoma, ambako nilipewa seritifika na kofia, tulifundishwa kwamba mradi usiowashika walengwa wake hufa. Sisi tumewashika.

(Sauti kutoka nyuma: “Tupatie kinga zetu, Papa! Tuko tunachelewa kazi!”)

Nimesikia neno kinga. Ndivyo mnavyoiita baiskeli huko majumbani, wala siwalaumu; ila hapa mbele ya hema tutasema chombo kisicho na mota chenye magurudumu mawili, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa katika etidi yetu ya fezabilite, yaani uchunguzi wa kujua kama jambo linawezekana, etidi niliyoisimamia mwenyewe, nikiwa ndani ya jeep, na ambayo sasa nawasomea matokeo yake kwa ufupi usiozidi saa moja.

Asilimia themanini na saba ya wapanda baiskeli wa mji huu hutumia breki ya ndala, maana yake mguu. Asilimia sitini na mbili wakifika kwenye mchanga hushuka na kusukuma, kwa hiyo kisheria ni watembea kwa miguu wenye mzigo wa chuma. Asilimia arobaini hupakwa vumbi jeupe na malori ya saruji yatokayo Kabimba, hata wakirudi nyumbani wake zao huwatambua kwa sauti. Na asilimia mia moja na nne hupigiwa honi na wenye pikipiki.

(“Ile ine inatoka wapi?” anauliza mtu.)

Hao wanne ni wageni kutoka Moba. Tafadhali msinikatize kwa mambo ya hesabu. Hesabu ina ofisi yake.

Mbele ya mateso hayo, Ofisi yangu haikulala. Tulianza kwa hatua za haraka. Tuliwaondolea valvu za matairi wale waliokwenda kasi, na kasi ikapungua papo hapo. Tuliwakataza kuegemeza baiskeli kwenye kuta, kwenye miti na kwenye watu. Tulipoambiwa kwamba mashimo ya barabara kuu yanawavunjia vyuma, tuliyahesabu mashimo yote na kuyapa namba, ili mtu akianguka ajue ameanguka wapi. Lakini moyo wangu haukutulia. Nikajiambia: Eugène, wewe si mtu wa mashimo, wewe ni mtu wa njia!

(Mwanamke mwenye blauzi nyeupe ya kazi juu ya kitenge anajipenyeza hadi chini ya jukwaa. Ni Syntiche, mkunga, ambaye wengi hapa wanamjua kwa sababu watoto wao walipita mikononi mwake. “Papa Direkta, samahani sana. Ile kinga nyekundu pale nyuma njo yangu. Kuko mama kule Kataki, uchungu imemushika tangu majogoo. Nifungulie, niende.”)

Mama Syntiche, karibu, na hongera kwa kazi ya kuongeza idadi ya walengwa. Suala la kufungua mnyororo lipo katika pointi ya tisa. Sasa tuko kwenye pointi ya tatu. Kwa nini usichukue pikipiki?

(“Vyombo vyangu viko mu sakoshi, Papa, na sakoshi iko nyuma ya kinga. Ajenti yako amepitisha munyororo mpaka mu mikono ya sakoshi. Nende kuzalisha na vidole?”)

Hii inaonyesha jinsi maajenti wangu wanavyofunga vizuri. Mama, mtoto aliyelelewa vema husubiri wakubwa wamalize kusema. Naendelea.

Pointi ya tatu: njia yenyewe. Mheshimiwa Kiti, mabibi na mabwana, leo tunazindua Njia ya Kwanza ya Baiskeli katika mji wa Kalemie, yenye urefu wa kilometa nne na nusu, upana wa meta mbili, rangi ya kijani mwanzo hadi mwisho, mishale myeupe mia tisa ya kuonyesha mbele ni wapi, pampu za upepo za bure kila meta mia tano, na vibanda vya kukaa wakati wa mvua, ambapo mlengwa atapumzika akitafakari nani amemfanyia mambo hayo. Njia hii haina mchanga. Haina vumbi la saruji. Haina lori, wala pikipiki, wala mbuzi. Na kuanzia leo, yeyote atakayeendesha baiskeli nje ya njia hiyo atanyang’anywa.

(Kelele. Mvuvi mmoja kijana, Djo, anasimama juu ya mtumbwi wake uliovutwa mchangani. “Papa Direkta! Tumeelewa yote. Sasa njia yenyewe iko wapi?”)

Swali zuri, ingawa limetoka upande wa samaki. Njia iko pale.

(Direkta ananyoosha fimbo yake. Umati mzima unageuka. Pale, lami ya zamani inateremka na kuingia ziwani, na baada ya lami ni maji, hadi macho yanapochoka. Mtu anacheka, anaacha, anaanza tena.)

Msicheke kabla ya maelezo ya kiufundi. Ni kweli kwamba ziwa lilipanda. Ziwa lilipanda bila barua. Lakini mtekiniki wetu, Papa Germain, alipokuwa akichora njia hii, alifuata kanuni ya kazi yetu, ambayo ni kutochora chochote mahali pasipo na ramani. Na ramani tuliyo nayo ofisini, yenye muhuri na sahihi tatu, ilitengenezwa wakati ufuko ulikuwa bado barabara. Alikuja kwangu akasema: “Direkta, kwenye ramani kuna barabara, dirishani kuna maji.” Nikamwambia: Germain, ramani ina muhuri. Ziwa lina muhuri? Mtumishi mwaminifu akiwekwa kati ya ramani yenye muhuri na ziwa lisilo na muhuri, hufunga dirisha.

(Djo: “Lakini, Papa, nyavu yangu inapita pale kila siku! Nimetoa ndala, nimetoa sufuria, hata kiti cha plastiki nimetoa. Mushale sijatoa hata moja!”)

Na hiyo, kijana, ndiyo sifa ya rangi tuliyoichagua. Haibanduki.

(Vicheko vinapasuka, kisha vinakatika. Mwanamume anafika mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Ni Josias, fundi wa matairi huko Kataki. “Mama Syntiche! Maji imemwagika! Bibi yangu Gisèle anakuita, anakuita wewe tu!”)

Ndugu, hapa pia maji yamemwagika, kilometa nne na nusu, na hakuna aliyekimbia.

(Josias anamtazama Direkta kama mtu anayeisoma karatasi ya lugha asiyoijua. “Papa,” anasema, na sauti yake ni ndogo hata wa nyuma wanaacha kusogeza miguu, “mutoto wetu wa kwanza alikufa kwa kuchelewa. Mi mwenyewe nilikuwa nasukuma kinga mu mchanga, mama yake juu. Tulifika, tukaambiwa: kama mungefika mapema kidogo. Leo nasema, tusimuzungushe huyu mama, mukunga njo amufwate.”)

Ofisi inatoa pole. Ofisi inamwandika mtoto huyo katika asilimia sitini na mbili ya mchanga, na itamfanyia dakika moja ya kimya, mara baada ya hotuba.

(“Fungua!” Sauti moja, kisha kumi. “Fungua munyororo! Fungua!” Wamama wa soko wanapiga vifuniko vya sufuria. Kiti cha Mwakilishi kinaanguka chenyewe.)

Utulivu! Utulivu! Mimi si mtu asiye na moyo, mimi ni mtu mwenye utaratibu. Imeandikwa kwamba ufunguo utatoka shingoni mwangu baada ya utepe kukatwa, si kabla. Kwa kuwa nawapenda, naruka pointi ya nne, ya tano, ya sita, ya saba na ya nane, ambazo zote zinanihusu mimi, na kwa masikitiko makubwa naingia katika pointi ya tisa. Utepe ule pale, mmeuona, kati ya miti miwili iliyosimama majini. Ajenti Patrick, lete mkasi.

(Patrick ananong’ona kwa muda mrefu.)

Naarifiwa kwamba mkasi wa sherehe, wenye rangi ya dhahabu, ulioagizwa Moba, umo ndani ya boti, na boti imo Mpala, ikingoja upepo utulie. Kwa hiyo uzinduzi unaahirishwa, na mnyororo nao, hadi siku ya—

(“Ukate na meno!” anapiga kelele Marthe, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani.)

Meno hayamo katika protokoli, Mama.

(Syntiche anainua mkono kama mwanafunzi. “Papa Direkta. Mukasi niko nao. Iko mu sakoshi.”)

Mmeona? Mmeona, wananchi? Ndio ushirikishwaji huo! Mlengwa mwenyewe anatoa kifaa! Patrick, andika: mchango wa jamii. Mimi kwa mkono wangu nautoa ufunguo, naushukia huu mnyororo, nafungua… kufuli ni gumu kidogo, ni kufuli la kitaifa… tayari!

(Mnyororo unaporomoka kwa kelele ndefu ya chuma. Syntiche anaivuta baiskeli nyekundu, anaminya tairi kwa kidole gumba, anafungua sakoshi na kutoa mkasi uliofungwa kwenye kitambaa safi. Direkta amenyoosha mkono. Mpiga picha Cédrick amejiandaa. Syntiche anautazama utepe, anayatazama maji, anaurudisha mkasi ndani ya sakoshi. “Papa,” anasema, “huu mukasi nimeuchemsha. Ni wa kukata kitu chenye kiko kweli.” Anapanda. Mchanga unazuia gurudumu. Josias anainama nyuma, anasukuma kwa mikono yote miwili, mpaka lami inaipokea baiskeli na wote wawili wanapotea kwenye kona, Syntiche akikanyaga, Josias akikimbia na kiatu chake mkononi. Hapo mia mbili waliobaki wanaukimbilia mnyororo.)

Rudini! Hamjaachiliwa rasmi! Hiyo baiskeli ni ya ajenti, iacheni, ndiyo iliyonileta, jeep yangu haina mafuta! Wewe! Mwenye ndizi! Wewe!

(Kengele za baiskeli, nyingi, zikienda mbali. Wanabaki viti, hema, Germain, Marthe aliyekalia ndoo yake, na Djo.)

Vizuri. Kwa kuwa sasa mazingira ni tulivu, narudi kwenye pointi ya nne.

(Direkta anasoma pointi ya nne hadi ya nane. Zote zinamhusu. Jua linapanda. Katikati ya pointi ya nane, simu ya Marthe inalia. Anasikiliza, anasimama, anaiweka kwenye sauti kubwa na kuiinua juu ya kichwa. Kutoka ndani ya simu kunatoka kilio chembamba, kikali, cha mtu aliyefika leo. Marthe anapiga vigelegele peke yake, machozi yakimtiririka. “Ni binti! Syntiche anasema wote wako muzima!”)

Asanteni, asanteni kwa shangwe hizo. Germain, andika: mtumiaji mmoja ameongezeka. Na sasa, wapendwa, tuseme wote pamoja. Gurudumu juu! Baiskeli mbele! (“Gurudumu juu,” anasema Germain, kwa kuwa ni kazini.) Njia ni moja, Direkta ni mmoja!

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Kiti, aliyekaa nasi hadi alipoanguka. Nakushukuru wewe Germain, uliyechora mishale mia tisa kwa penseli ya kijani, huku mishale ilitakiwa iwe myeupe. Wala sitakuwa mtovu wa shukrani kiasi cha kulisahau ziwa letu la Tanganyika, lililoifunika barabara hii kabla Ofisi haijaandika hata barua ya kuomba ndoo ya kwanza ya rangi, likatuondolea uchovu wa kuanza. Barua ambayo, nawaahidi hapa hadharani, tutaiandika wiki ijayo, mara tu tukipata karatasi. Njia imezinduliwa. Asanteni sana. Sasa, ni nani anayenirudisha nyumbani?

(Djo anausukuma mtumbwi majini na kuushika utulie. “Panda, Papa Direkta. Nikupitishe mu njia yako.”)

(Direkta anatazama huku na huku. Halafu anainama, na kuanza kuvua viatu.)