Ua Usioonekana wa Amalemba

Wakazi wa Amalemba walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba shida ya barabara yao imekwisha kabisa. Idara ya Mwendo wa Adabu imewajengea ua. Ua wenyewe hauonekani, haushikiki, na huwezi kuanikia nguo. Uko hewani, unalindwa na setilaiti. Kila pikipiki na kila gari litafungwa kidude, na likifika mbele ya chekechea, injini itajipunguza yenyewe mpaka mwendo wa bata aliyeshiba.

Phoebe, muuza njugu wa hapo kando ya barabara, alisikiliza mpaka mwisho. Yeye alikuwa ameomba tuta. Barua tatu aliandika kwa mkono wake, akiomba tuta moja tu la udongo, maana kila siku yeye ndiye anayevusha watoto wa chekechea, mjukuu wake Beverlyne akiwa mbele. Mara mbili kioo cha gari kimempangusa kiwiko.

"Mama, tuta ni mambo ya kale," Mkurugenzi Willis alimjibu. "Sisi tumehamia angani."

"Na watoto wanavukianga huku chini, baba."

Mkurugenzi alicheka kwa upole, kama mtu aliyesoma.

Abu, kijana wa bodaboda, alikuwa ameshafungwa kidude. "Kukhu, nyanya yangu, mimi sasa natembea kama bibi harusi," alimwambia Phoebe. "Lakini magari ya wakubwa hayajafungwa. Yako kwenye Orodha ya Heshima."

"Kwani heshima haigongi mtu?"

"Labda inagonga kwa adabu."

Siku ya uzinduzi ikafika. Kwa kuwa ua hauonekani, pakakosekana mahali pa kufunga utepe. Ikabidi wafunge ncha moja kwenye kigoda cha Phoebe na nyingine kwenye pikipiki ya Abu, ng'ambo ya pili. Mkurugenzi akakata, akapigwa picha, akapigiwa makofi. Kisha akageuka kwenda kwenye hema, upande wa pili wa barabara, ambako ingokho, kuku wa kienyeji, ilikuwa imeiva. Na kama ilivyo kwetu, firigisi ilikuwa imewekewa yeye, mgeni wa heshima.

Akashusha mguu barabarani. Gari jeusi likapita vuu! Akarudi. Akashusha tena. Vuu! Walikuwa wanakamati wa Idara, wamechelewa, na harufu ya kuku imewafikia mbali. Pikipiki zote zilikuwa zinatambaa kwa utiifu. Yaliyokuwa yakiruka ni ya Orodha ya Heshima tu.

"Mama," Mkurugenzi aliuliza, jasho likimtoka, "hawa wendawazimu ni akina nani?"

"Ni watu wako, baba. Wewe ndiwe umewaandika."

Hemani mtu mmoja tayari alikuwa anaitazama firigisi kwa nia mbaya. Mkurugenzi akanyoosha mkono. Phoebe akaushika, akamweka kwenye mstari wa watoto, nyuma ya Beverlyne, akainua leso yake nyekundu.

"Usikimbie," Beverlyne alimwonya. "Na usiachilie."

Wakavuka.

Wakubwa walikula kwa muda mrefu, kama kazi inavyodai. Karibu na hema palikuwa na rundo la murram, udongo mwekundu wa barabara, lililobaki baada ya kusawazishia uwanja. Abu na wenzake wakaleta majembe na mkokoteni. Phoebe akaonyesha mahali: hapohapo pa utepe. Wakashindilia vizuri, na vipande viwili vya utepe wakavichomeka juu.

Gari la Mkurugenzi ndilo lililotangulia kuondoka, kwa kasi ya heshima. Likaruka, likatua. Supu aliyofungiwa ya nyumbani ikamvaa kuanzia tai mpaka magoti.

"Nani ameruhusu tuta hapa?" akafoka dirishani.

"Ni wewe, baba," Phoebe alisema. "Umelikatia utepe mchana. Picha ziko."

Mkurugenzi akatazama utepe. Akatazama wapiga picha, ambao walikuwa bado hawajaondoka. Akatabasamu, supu ikimdondoka.

Nyuma yake magari ya Orodha ya Heshima yakaja moja moja, na kila moja likainama mbele ya Beverlyne.