Roketi Iliyopata Mia kwa Mia

Jumatatu, 4 Machi
Mwezi wa nne huu bila mke. Yuko kwa dada yake. Aliondoka akisema hawezi kuishi na mwanaume aliyeoa ubao. Uongo! Ule wa jikoni niliutundika tuandike vitu vya kununua. Hesabu ziliingia zenyewe.

Leo nikifundisha Kidato cha Tatu nimegundua jambo. Mlinganyo wetu wa kila siku, mwendokasi ni mchapuko mara muda, unadanganya. Roketi ikianza sifuri na kuongeza mwendo wa mita kumi kwa sekunde kila sekunde bila kuchoka, siku ya mia tatu arobaini na nane inaupita mwanga. Wapi! Hakuna kinachoupita mwanga. Nitaurekebisha mimi, niuwasilishe kwa walimu Ijumaa. Mke wangu akiona napigiwa makofi, atarudi.

Jumanne, 5 Machi
Nimempigia shemeji. Eti mke wangu yuko bafuni. Nikapiga baada ya saa moja. Bado bafuni! Nikaacha ujumbe: Ijumaa saa tisa, chumba cha walimu, aje. Shemeji akacheka, akasema atafikisha.

Nimepika chai ya watu wawili. Mazoea. Nimeinywa yote.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata! Shuleni kwetu mwanafunzi akipata mia na tano kwa maswali ya nyongeza, tunamwandikia mia. Basi! Roketi ikizidi mwanga, iandikie mwanga. Kwisha kazi. Nikageuka nimwambie mtu. Hakuna mtu. Nikaliambia jokofu.

Shemeji kaandika: atakuja. Atakuja! Nimefagia hadi uvunguni. Nimekuta kandambili yake moja, nimeifuta vumbi. Nimemkumbuka mno, niseme kweli.

Ijumaa, 8 Machi
Walimu sita. Mke wangu akakaa nyuma, mkoba mapajani. Amekonda. Chaki ikanikatikia mkononi.

Nikamaliza. Akapiga makofi mwalimu mkuu, peke yake. Ndipo mwalimu wa kemia, tunayemwita Asidi, akauliza: roketi ikiufikia mwanga injini bado inasukuma, nguvu zake zinakwenda wapi? Nikasema zinapumzika. Wakaangua kicheko. Akaninyang'anya chaki, akaonyesha: kadiri roketi inavyoukaribia mwanga, msukumo uleule unaongeza mwendokasi kidogo, kisha kidogo zaidi. Inakaribia daima, haifiki. Eti yamo vitabuni zaidi ya miaka mia. Mtu wa kemia, jamani!

Wakatawanyika. Mke wangu akabaki. Akasema roketi hazimhusu. Sanduku lake liko getini kwa mlinzi, twende nyumbani tukazungumze. Nikafurahi mno. Nikamwomba dakika tano tu, nitafute kosa la Asidi kabla ubao haujafutwa.

Nilipogeuka, kiti kitupu. Saa kumi na mbili kasoro! Mlinzi akasema mama alisubiri hadi saa kumi na moja, akabeba sanduku lake, akaenda.

Jumamosi, 9 Machi
Nimelia, sifichi. Nyumba kimya. Shemeji kasema nisipige tena.

Nimekaa kitako nikalitafakari kosa langu, tangu mwanzo, bila kujionea huruma. Nimeliona! Nilisahau mlinganyo wa umbali. Huo Asidi hakuugusa kabisa. Nikiurekebisha, Ijumaa ijayo mke wangu hatakuwa na la kusema. Ubao wa jikoni umejaa, lakini ukuta wa chumbani ni mweupe, na upande wa mke wangu kitandani hakuna wa kulalamika. Nimeanzia hapo.