Miguu ya Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji anahama! Jumapili anakwenda kuishi kwa binti yake, mbali, yeye na dada yangu na masanduku yao yote. Na mimi sijawahi kuipita miguu yake. Hata mara moja! Tangu tuko vijana, tukiviringishana kwenye stoo ya magodoro, kabla ya ukumbi wa mazoezi, kabla ya mvi, ni yale yale. Analala chali, ananizungushia miguu kiunoni, anaifunga nyuma ya mgongo wangu, basi. Kwenye jujitsu ya Kibrazili wanaiita gadi. Mimi naiita jela. Kazi yangu ni kuifungua na kupita kando. Kazi yake ni kunikaba nikijaribu.

Kocha, mama asiyecheka ovyo, kanikumbusha leo: mgongo wima, mshike kiunoni, simama, subiri miguu ichoke. Subira! Nimesubiri mpaka nywele zimeniaga. Mimi fundi cherehani, siwezi kukosa njia. Jumamosi ndiyo zoezi letu la mwisho. Nitapita, liwalo na liwe.

Jumanne, 4 Juni

Nimemdadisi dada kijanja: mumeo anatekenyeka wapi? Akasema nyayoni. Kisha akauliza kama nina homa.

Jioni nikajiachia nifungwe. Nyayo zenyewe ziko nyuma ya mgongo wangu. Nikapeleka mikono yote miwili huko kuzitafuta. Nikazipata! Shemeji alicheka kweli. Alicheka huku ananikaba kwa kola ya koti langu mwenyewe, maana shingo nilikuwa nimeiacha bila mlinzi. Nikagonga mkeka kusalimu amri.

Alhamisi, 6 Juni

Jana sikufungua duka. Nimeshona satini kuzunguka kiuno cha koti la mazoezi. Mabaki ya gauni la bibi harusi. Satini haishikiki, miguu itateleza yenyewe. Akili ni mali!

Iliteleza. Ila ilipanda. Ikapita mbavuni, ikapita kwapani, ikatua shingoni pamoja na mkono wangu mmoja. Nikaona nyota. Kocha akataka kujua bwana harusi ni nani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu hawana adabu.

Ijumaa, 7 Juni

Kwa dada, kufunga masanduku. Nyumba tupu, ukikohoa inakujibu. Tukakaa sakafuni na shemeji, migongo ukutani, tukaikumbuka stoo. Vumbi la pamba. Jinsi tulivyokuwa tunapiga chafya kwa zamu. Na siku ile aliponibana kwa mara ya kwanza, nikiwa sina pumzi, ndipo akauliza kama dada yangu ana mchumba. Ningefanyaje? Nikatikisa kichwa, kwamba hana. Mpaka leo anadai nilimpa idhini.

Tulicheka hadi dada akaja kutufokea kwamba masanduku hayajifungi. Natamani siku zile. Natamani hata vumbi.

Jumamosi, 8 Juni

Mpango wa leo: machozi. Akinifunga tu, nimwambie kwa sauti ya kutetemeka kwamba nitamkumbuka. Atalegea. Nipite.

Nikafungwa. Nikaanza, shemeji, nitakukumbuka sana. Nilikuwa nimepanga chozi moja. Likaja jingine, halafu yakaja yote. Sikuwa naigiza tena. Nikawa nalia kifuani kwa mume wa dada yangu, jitu zima, na kamasi.

Miguu ikafunguka.

Njia nyeupe! Kilichobaki ni kuvuka goti lake tu. Maisha yangu yote nilikuwa naiwinda nafasi ile. Nikabaki nimepiga magoti, mgongoni baridi, hakuna kinachonishika.

"Pita basi, shemeji," akasema.

"Funga," nikamwambia. "Funga kwanza."

Akafunga. Kocha akatangaza muda umekwisha. Sisi tukajifanya hatukusikia, naye akajifanya hakutangaza.

Jumapili, 9 Juni

Wameondoka asubuhi. Dada alilia. Mimi nililia jana, leo nilipunga mkono tu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimetafakari. Machozi yalifungua kile ambacho nguvu, satini na vidole vilishindwa kufungua. Basi dawa imepatikana!

Kocha kanipa mwenzangu mpya, muuza viatu, mapaja kama magogo. Akanifunga. Kocha akaniambia nisimame. Nikamwambia yule bwana kwamba nitamkumbuka sana. Akasema ndiyo kwanza tunaonana. Akanikaba.

Nimempigia shemeji kumlalamikia. Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akapoa, akauliza kama huyo bwana ananibana vizuri.

"Hamna kitu," nikasema. "Miguu imelegea kabisa."

Mbavu bado zinauma. Kesho naenda na kitunguu.