Washauri Watatu kwa Woga Mmoja

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu kalazwa kwa upasuaji. Jana nilimpelekea nguo. Sikujua wodi yake. Mapokezi, mtu mmoja, macho mawili, yote kwangu! Nikazunguka jengo, nikasoma vibao vyote, nikarudi na nguo zake kwapani. Hakunigombeza. Kwenye simu alisema tu, "Mume wangu, nimechoka kuwa mdomo wako."

Bora angegomba.

Nimeamua kutibiwa. Nitajaribu washauri watatu kwa siri, kila mmoja adhani yuko peke yake, nione ni yupi anayeponya bila mtu kufungua kinywa.

Jumanne, 4 Juni
Wa kwanza ni dada anayetibu kwa mazoezi. Akauliza ninaogopa nini. Nikasema watu. Wakifanya nini? Nikasema wakiwepo. Akanipa zoezi: niingie dukani, niulize bei, nitoke bila kununua. Nimemtuma shemeji, kaka wa mke wangu. Kasema alipoulizwa rangi gani aliona haya kukataa. Karudi na mwavuli.

Jumatano, 5 Juni
Wa pili ni mzee anayechimba utoto. Akaniuliza habari za mama, kisha akanyamaza akisubiri. Nami nikasubiri. Saa nzima! Mwishoni akasema tumepiga hatua. Nimempenda sana. Ila anasema kupona huchukua miaka, na mke wangu ataruhusiwa Jumamosi.

Alhamisi, 6 Juni
Wa tatu hutibu kwa kikundi. Tulikuwa wachache, wote tukigombea viti vya karibu na mlango. Fundi saa mmoja akasimulia alivyomwambia kinyozi kuwa hakutaka upara. Akapigiwa makofi. Makofi! Wivu ukanikaba. Nikasema mimi niliuliza wodi ya upasuaji hospitalini, nikaenda, nikamshika mke wangu mkono. Makofi mengi zaidi.

Ndipo mama mmoja wa pembeni akasema, taratibu, macho sakafuni, kwamba kwenye mapokezi ya hospitali ile hukaa yeye. Aliniona nikizunguka. Aliomba Mungu nisimfuate.

Nikatamani ardhi inimeze. Tulipokuwa tunatoka akaninong'oneza: "Ghorofa ya pili, mkono wa kushoto. Nenda, kaka. Anakungoja."

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwenda. Mke wangu amekonda. Akauliza nani alinielekeza. Nikasema niliuliza mwenyewe. Akanishika mkono, machozi yakamlengalenga. Nikaangalia ukuta.

Jumamosi, 8 Juni
Karudi nyumbani. Kwa furaha amewatangazia wa kwao wote kwamba nimepona. Baba mkwe kaagiza kesho niseme maneno ya shukrani mbele ya ukoo mzima.

Nimechoka mpaka mifupa. Lakini nimesikia yuko mshauri wa nne, huyu anatibu kwa simu. Hakuna macho! Jioni hii shemeji atampigia, ajifanye mimi. Apone yeye kwanza, ndipo nione kama tiba yenyewe inafaa.