Uzinduzi wa Ofisi ya Kupinga Chuki, Shule za Mesa Alta

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, waheshimiwa wajumbe, Rabi Feldstein, Mchungaji Ochsner, walimu wakuu, walimu wa kawaida, wazazi, na ninyi mliofuata donati tu, itifaki imezingatiwa. Mimi, Dokta Preston Haldeman, Mkurugenzi wenu, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao wachache wamejaliwa. (Makofi, safu ya mbele.)

Sheria ya California ya kuzuia chuki dhidi ya Wayahudi na ubaguzi wote shuleni tumeitekeleza, kwa takwimu nilizoziandaa mwenyewe, kwa asilimia mia moja na nne. (Minong'ono.) Mwezi wa tatu, Dafna Perlmutter wa darasa la saba alikuta dawati lake limechongwa alama ya Wanazi. Mwalimu akamwambia alifunike kwa daftari. Wenzake wakamzomea, na tangu hapo anakula mchana ndani ya gari la mama yake. Nilichukua hatua papo hapo: niliunda kamati, kamati ikaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaandaa warsha, nayo warsha, kwa kauli moja, ikapendekeza iundwe kamati.

(Bi. Ilana Perlmutter, mama wa Dafna, anasimama: "Dokta, dawati lenyewe bado lipo darasani!")

Huko ni kuhifadhi ushahidi, mama.

("Nimepiga simu ofisini kwako mara kumi na moja. Inajibu mashine!")

Mashine haibagui mtu, mama. (Vicheko. Rabi anafunika uso. Bi. Perlmutter anatoka na Bw. Quiroz, fundi wa shule. Wanarudi wamebeba dawati, wanalitua mbele ya jukwaa.)

Naona vifaa vya maonyesho vimewasili.

(Dafna anainuka kwenye viti vya wazazi, anachukua msasa kutoka kwa Bw. Quiroz, anaanza kusugua ile alama. Mwalimu wake anainuka: "Nipishe kidogo, Dafna. Nilikosea mimi." Watoto wawili wa darasa lake wanajiunga nao.)

Naomba kelele za msasa zipungue! Semeni nami: Heshima kwa wote! (Watu wamempa mgongo, wamelizunguka dawati.) Ubaguzi, nje! (Mtoto mmoja: "Shika huku, Dafna, bado mkia wa ile alama.")

Basi nahitimisha. Namshukuru Mratibu wa Kupinga Chuki, ambaye tutamtafuta mara tu tukishatangaza nafasi yake. Nawashukuru watumishi wa ofisi yake, ambayo tutaipatia chumba. Nanyi nawashukuru kwa kuizindua. Utepe naona hatukuletewa. Mkasi ninao.