Muda wa Gavana na Posa Yangu kwa Bi Verna

Ndugu Mhariri,

Niwie radhi kwa kimya changu. Tangu nilipokulalamikia juu ya tahajia ya mabango ya parokia, sikupata jambo la kuniudhi kiasi cha kushika kalamu. Sasa limepatikana. Novemba hii tunaombwa tupige kura ili gavana wa jimbo letu aongezewe muda wa kukataa miswada. Nawasihi wasomaji wako wapige kura ya hapana, kwa kuwa pendekezo hilo litavunja ndoa yangu.

Nifafanue. Kwa sheria ya sasa, mswada ukifika mezani kwa gavana, naye asiukatae katika siku kumi, huwa sheria hata bila saini yake. Mwezi uliopita, kwenye mashindano ya kupika mchuzi wa gumbo, nilimposa Bi Verna Guillory, mjane kama mimi. Alifuta pilipili mdomoni, akasema, "Ovide, acha nifikirie, usinikimbize." Siku kumi zikapita, hakukataa. Kwa hiyo nimeoa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Gavana akiongezewa siku, Bi Verna naye atadai zake, nami nina miaka sabini na tisa.

2. Nimekwisha kuitekeleza sheria kwa nia njema. Nimehamishia kiti changu cha kubembea barazani kwake, na kaka yake, Placide, nimemwita shemeji mbele ya watu. Alinijibu, "Shemeji wa nani? Ondoa kiti chako, babu, kuku wameanza kutagia humo!" Lugha hiyo haifai baina ya jamaa, na nusu ya kuku hao ni wangu.

3. Pendekezo halisemi lolote juu yetu sisi tuliooa kwa kimya. Je, nirudishe mayai niliyokwisha kula?

Namwomba gavana, kupitia ukurasa wako, awe msimamizi wa harusi. Asipokataa katika siku kumi, nitahesabu kuwa amekubali.

Wasalimie wachapaji, mkeo, na yule bwana wa utabiri wa hali ya hewa asiyepatia hata mara moja.

Wako mtiifu,
Ovide Guidroz,
Mwalimu mstaafu, Bayou Perdrix

Baada ya kutia saini: Bi Verna amefika sasa hivi na sanduku na mbwa wawili. "Haya, mzee, nimekubali. Padre ana nafasi Jumamosi, na hawa wanalala kitandani." Nilimwomba aniache nifikirie. "Ufikirie nini? Si ulikuwa na haraka wewe!" Ndugu Mhariri, waambie wasomaji wapige kura ya ndiyo, na ikiwezekana gavana apewe mpaka Kwaresima. Hakuna binadamu awezaye kuamua neno zito kwa siku kumi. Nitakuandikia mara nitakapokata shauri.